Mtoto ameandikiwa usonji na wewe una shaka: pa kuanzia kukagua

Chukua karatasi uliyopewa hospitali uisome upya. Neno "usonji" (kwa Kiingereza, autism) umeshaliona, lipite. Tafuta mambo mengine: nani alimpima mtoto, alikaa naye muda gani, walizungumza lugha gani, kipimo gani kilitumika, na je, kuna mstari wowote unaosema masikio ya mtoto yalipimwa? Kama karatasi nzima ina jina, umri na neno moja la ugonjwa, shaka yako ina msingi, hata kama neno lenyewe huenda ni sahihi. Aliyeandika anaweza kuwa na jicho zuri sana, ila hakukuachia njia ya kuona alifikaje hapo.

Shaka ya namna hii mara nyingi hupokewa vibaya. Ndugu watasema unakataa ukweli, na hospitali nako unaweza kuonekana mbishi. Mimi naona kukagua ni wajibu wa mlezi, kwa sababu baadhi ya mambo yanayovaa sura ya usonji yana tiba yake, na tiba hiyo haingoji. Mtoto kiziwi asiyepewa kifaa cha kusikia anapoteza ile miaka ambayo ubongo hujifunza lugha kwa wepesi. Mtoto ambaye kifafa kinamnyang'anya maneno akiwa usingizini hatayarudisha kwa mazoezi ya kuongea peke yake.

Jina hilo hutolewaje

Hakuna kipimo cha damu cha usonji, wala picha ya ubongo inayouonyesha. Mtaalamu huangalia tabia, husikiliza historia, kisha hulinganisha na vigezo. Miongozo inayotumika ni miwili: DSM-5 ya Marekani, iliyotoka 2013 na kurekebishwa 2022, na ICD-11 ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, ambamo usonji una namba 6A02. Ukiona F84.0 kwenye karatasi yako, hiyo ni namba ya toleo lililotangulia, ICD-10.

DSM-5 inataka mtoto awe na ugumu katika mambo matatu ya mahusiano, na yote matatu yawepo. Kwanza kupokezana na mwenzake: unacheka naye anacheka, unampa neno naye anakurudishia. Pili kuwasiliana kwa mwili, yaani macho, uso na ishara za mikono. Tatu kupata marafiki na kukaa nao kwa kadiri ya umri wake. Juu ya hayo awe na angalau mawili kati ya manne: kurudiarudia miondoko au maneno, kung'ang'ania utaratibu uleule, kuzama kwenye jambo moja kupita kiasi, na hisi zisizo za kawaida, kama kuziba masikio blenda ikiwashwa, au kuungua bila kulia. Dalili ziwe zimeanza utotoni, zimletee shida ya kweli katika maisha yake, na zisiwe zinaelezeka vizuri zaidi kwa ulemavu wa akili.

Angalia kitu ambacho hakimo humo: kuchelewa kuongea. Mtoto wa miaka mitatu asiye na neno hata moja, lakini anakuletea gari lake la makopo ulione, anakutazama usoni kujua kama umefurahi, na anamwigiza bibi anavyoswali, hafikii vigezo hivyo. Ana shida ya kuongea, na inahitaji msaada wake, ila jina lake si hilo.

Dodoso halitoi majibu

Kosa la kwanza kabisa ni kuchukua dodoso la kuchuja likafanywa hukumu. M-CHAT-R, ambalo watu wengi hulikuta kwenye simu, lina maswali 20 ya ndiyo au hapana, na limetengenezwa kwa mtoto wa miezi 16 hadi 30. Alama 0 hadi 2 ni hatari ndogo. Alama 3 hadi 7 maana yake mtoto arudi kwenye awamu ya pili, ambapo mzazi huulizwa upya maswali aliyokwama, safari hii kwa mifano. Kuanzia 8 anapelekwa moja kwa moja kwenye tathmini kamili. Watu huruka ile awamu ya pili, na hapo ndipo watoto wengi huingizwa kapuni bila sababu. Isitoshe, maswali namba 2, 5 na 12 yamegeuzwa: hayo "ndiyo" ndiyo inayohesabiwa, ilhali kwenye mengine 17 inahesabiwa "hapana". Mzazi anayejijazia na kujijumlishia huharibu hapo. Na kulijaza kwa mtoto wa miaka mitano hakuna maana yoyote.

Hata likijazwa vizuri, utafiti wake mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2014 ulionyesha kwamba kati ya watoto walionaswa baada ya awamu zote mbili, karibu nusu tu ndio waliokutwa na usonji. Lakini takriban 95 kati ya 100 walikuwa na kuchelewa au wasiwasi fulani wa ukuaji. Kwa hiyo likikunasa, kimbilia tathmini. Usirudi nyumbani na jina.

Kipimo cha CARS-2 ni cha mtaalamu. Kina vipengele 15, kila kimoja alama 1 hadi 4, jumla kuanzia 15 hadi 60, na mstari wa kuanza kuhesabiwa usonji upo kwenye 30. Mtoto mwenye ulemavu mkubwa wa akili anaweza kuuvuka bila kuwa na usonji. Ndiyo maana alama ya 31 iliyoandikwa peke yake, bila kipimo cha kiwango cha akili na cha shughuli za kila siku kama kula, kuvaa na kwenda chooni, ni nusu ya kazi.

ADOS-2, kipimo kingine cha mtaalamu, huchukua dakika 40 hadi 60 za kucheza na kuzungumza na mtoto, na ina moduli tano, yaani matoleo matano, zinazochaguliwa kwa kiwango cha lugha anachoweza. Mtoto akipewa moduli inayotaka lugha kubwa kuliko aliyo nayo, alama zake hupanda kwa sababu ya lugha tu. Uliza: "Mlitumia moduli ya ngapi, na kwa nini hiyo?" Mtaalamu aliyefanya kazi yake atajibu bila kukasirika. Kumbuka pia kwamba kipimo hiki hakikutengenezwa kwa mtoto asiyesikia au asiyeona, wala kwa mtoto ambaye bado hajatembea.

Kipimo kimetoka mbali, mtoto ni wa hapa

Mtoto amepewa jina la babu yake. Nyumbani hakuna anayethubutu kulitaja ovyo jina la mzee, kwa hiyo mtoto anaitwa Babu. Kwenye kadi ya kliniki ni Abdallah. Mpimaji anasimama nyuma yake, anaita "Abdallah" mara nne, kisha anaandika: haitikii jina lake. Hili ni jambo dogo la kurekebisha na kubwa la kuharibu, kwa sababu kuitikia jina ni mojawapo ya dalili zinazopewa uzito mkubwa. Mwambie mpimaji jina la nyumbani kabla hajaanza, na uone ameliandika.

Macho nayo yana hoja yake, ila itumiwe kwa kiasi. Ni kweli watoto wetu hufundishwa kutomkodolea mtu mzima macho. Lakini adabu hiyo haijamwingia mtoto wa miaka miwili. Kwa wa miaka minane, uliza anavyowatazama wenzake wakicheza, na anavyokutazama wewe ukimsimulia jambo. Kama kwa wenzake macho yapo na kwa daktari yanashuka, hiyo ni heshima. Kama hayapo kokote, heshima si maelezo.

Katika moduli za watoto wadogo za ADOS-2 kuna mchezo wa sherehe ya kuzaliwa: mdoli, keki ya udongo laini, mishumaa ya kuzima kwa pumzi. Kinachopimwa ni kama mtoto anaweza kuigiza na kumjali mdoli. Mtoto ambaye kwao siku ya kuzaliwa haina keki anaweza kukaa kimya hapo bila shida yoyote ya kuigiza. Mpeleke mtaalamu kwenye mchezo ambao mtoto anaujua: kupikapika kwa vifuu na mchanga, kumbeba mtoto wa gunzi mgongoni, kuendesha daladala la viti. Swali ni lilelile: je, anampa mtu mwingine ule ugali wa matope aonje, au anamwaga tu mchanga kutoka kifuu kwenda kifuu kwa nusu saa?

Halafu lugha. Bibi anasema Kidigo, dada wa nyumbani Kiswahili, simu inasema Kiingereza. Lugha mbili au tatu hazisababishi usonji, na hakuna haja ya kuua lugha ya bibi ili mtoto aongee. Ila ukimpima kwa lugha moja tu utaona sehemu ya anachojua. Jumlisha maneno yake katika lugha zote. Pia kuna jambo ambalo wazazi hulitumia kinyume: mtoto wa nyumba ya Kiswahili anayesema sentensi nzima za Kiingereza kutoka katuni, kwa sauti ileile ya katuni, huku hawezi kuomba maji. Familia huliona kama ushahidi wa akili nyingi na wa kosa la daktari. Akili anaweza kuwa nazo, lakini kukariri maneno ya wengine bila kuyatumia kuwasiliana ni dalili inayoelekea kwenye usonji.

Masikio, kabla ya kila kitu

Kama kuna kipimo kimoja ambacho hakipaswi kukosekana kwenye faili, ni hiki. Sababu inayofanya kirukwe ni ileile siku zote: "Huyu anasikia, mlango ukijifunga anashtuka." Kusikia mlango si kusikia maneno. Mtoto anaweza kupata sauti nzito, kama ngoma, lori na mlango, na akakosa sauti nyembamba: s, f, sh, th. Kiswahili hapo kinadanganya zaidi, kwa kuwa karibu kila silabi yetu ina irabu na irabu husikika kwa nguvu. Mtoto anapata "a-i" mahali pa "safi", anapata mdundo wa sentensi, anageuka unapoongea. Kumbe nusu ya maneno haimfikii. Huyo atakuwa anaitikia leo na kesho haitikii, ataonekana mkaidi, atajitenga kwenye kelele, na atapenda michezo ya peke yake.

Chunguza historia. Alizaliwa njiti? Alipata manjano makali siku za kwanza hadi akawekwa chini ya taa au kubadilishwa damu? Aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo? Alilazwa akachomwa gentamisini kwa siku nyingi? Malaria kali iliyompoteza fahamu? Masikio hutoka usaha mara kwa mara? "Ndiyo" moja tu inatosha kudai kipimo kamili.

Na kipimo kamili si kumpigia makofi nyuma ya kichwa. Makofi yana upepo na kivuli, na mtoto kiziwi hugeukia upepo. OAE ni kifaa kidogo kinachowekwa tundu la sikio kwa dakika chache na kusikiliza mwitikio wa kochlea yenyewe, ile sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti. Nta au maji nyuma ya ngoma ya sikio huufanya ushindwe kusomeka, kwa hiyo "ameshindwa OAE" bado si "ni kiziwi". Kubwa zaidi, OAE inaweza kuwa safi kabisa huku mshipa unaopeleka sauti kwenye ubongo haufanyi kazi sawasawa. Hali hiyo hutokea hasa kwa watoto waliopata manjano makali. Hapo kinachotakiwa ni ABR: waya hubandikwa kichwani mtoto akiwa amelala, na mashine husoma kama sauti imefika kwenye shina la ubongo. Mtoto asiyetulia akilazimishwa kuvaa spika za masikioni na kubonyeza kitufe atatoa majibu ya ovyo; dai ABR ya usingizini. Mnyime usingizi wa mchana, mfikishe akiwa amechoka na ameshiba.

Kuna pia maji yanayokaa nyuma ya ngoma ya sikio bila maumivu wala usaha. Hupunguza usikivu kwa desibeli 20 hadi 40, huja na kuondoka, na huonekana kwa kipimo cha timpanometri kinachochukua dakika moja. Mzazi husema "siku nyingine anasikia vizuri", na anasema kweli.

Vipimo hivi hufanyika kwenye hospitali kubwa zenye kitengo cha masikio. Muhimbili, kwa mfano, wameanza kuweka vipandikizi vya kochlea tangu 2017, na mahali panapoweka vipandikizi lazima pawe na ABR. Kitu kimoja cha kuweka akilini: kukuta shida ya masikio hakufuti usonji. Wapo watoto wenye vyote viwili. Mpe kifaa cha kusikia, mpe miezi kadhaa ya kukizoea, kisha tathmini ya tabia irudiwe.

Aliyekuwa na maneno akayapoteza

Takriban theluthi moja ya watoto wenye usonji hupoteza maneno au tabia walizokuwa nazo, na kwa kawaida hilo hutokea kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa hiyo kupoteza maneno mapema peke yake si ishara ya kosa. Umri ukiwa mwingine, hadithi nyingine.

Mtoto aliyekuwa anaongea vizuri hadi miaka minne au mitano, kisha akaanza kuonekana kama kiziwi na maneno yakamwisha, anahitaji daktari wa mishipa ya fahamu haraka. Mojawapo ya yanayotafutwa ni ugonjwa wa Landau-Kleffner, ulioelezwa mara ya kwanza 1957. Mara nyingi huanza kati ya miaka mitatu na minane. Takriban watoto saba kati ya kumi hupata degedege linaloonekana. Waliobaki hawapati, na ndio wanaopotea njiani. Kipimo chake ni EEG, inayosoma umeme wa ubongo, na lazima ifanyike mtoto akiwa usingizini, kwa sababu ile inayofanywa akiwa macho inaweza kutoka safi. Ukiambiwa "EEG ni nzuri", uliza: alilala?

Kifafa cha kuduwaa nacho hufanana na kutoitikia. Mtoto anazima sekunde 5 hadi 15, macho yamekodoa, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kitu, mara nyingi kwa siku. Mguse bega wakati huo. Aliyezama kwenye mawazo yake ataguswa na kurudi. Aliye kwenye kifafa hatarudi mpaka kipite. Rekodi kwa simu.

Na kama anatumia fenobabitoni kwa ajili ya degedege, jua kwamba dawa hiyo inaweza kumfanya mtoto awe mtukutu, mwenye hasira na asiyelala. Usiiache ghafla hata siku moja, maana kuiacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika. Ila hakikisha anayempima mtoto tabia anajua kwamba anaimeza.

Kwa msichana, angalia mikono. Ugonjwa wa Rett, ambao jeni yake (sehemu ya vinasaba inayousababisha), MECP2, iligunduliwa 1999, huanza baada ya miezi 6 hadi 18 ya ukuaji uliokuwa ukionekana wa kawaida: kichwa kinapunguza kasi ya kukua, mikono inaacha kushika vitu kwa makusudi, na badala yake inajisokota kama anayefua au kunawa. Hadi toleo la kabla ya 2013, DSM yenyewe iliuweka Rett kwenye kundi moja na usonji, DSM-5 ikauondoa. Kadi ya kliniki huwa na uzito, ila mzingo wa kichwa mara nyingi hauandikwi. Pima kwa tepu juu kidogo ya nyusi na kuzungukia pale kichwa kilipotokeza zaidi nyuma, kila mwezi, uandike.

Majirani wa usonji

Mtoto mwenye shida ya lugha peke yake huhangaika akufikie. Anavuta nguo, anaigiza, anaonyesha kwa kidole na kwa midomo, uso wake unaongea. Hapa kuna jaribio rahisi la nyumbani. Weka biskuti kwenye kopo linaloonekana ndani, kaza mfuniko, umpe. Mwenye shida ya lugha atakurudishia kopo akikutazama usoni kwa macho ya kuomba. Mwenye usonji mara nyingi atashika mkono wako na kuuweka juu ya mfuniko kama anavyoshika kifaa cha kufungulia, bila kukutazama. Jaribio hili halitoi majina ya magonjwa, ila ni video nzuri ya kumpelekea mtaalamu.

Mwenye ADHD, yaani shida ya kutotulia na kutokazia akili jambo moja, haitikii kwa sababu akili iko kwingine, lakini akifika kwako anakuja na hadithi. Huharibu mchezo kwa kutosubiri zamu. Mwenye usonji zaidi hajui mchezo unaingiwaje. Hadi 2013 mwongozo wa Marekani haukuruhusu majina hayo mawili kwa mtoto mmoja. Sasa unaruhusu, na wapo wengi wenye yote mawili.

Mwenye ulemavu wa akili, mtazame kwa umri wa ukuaji wake. Wa miaka sita anayefanya mambo ya miaka miwili, kama anasalimia, anacheka na watu na kuleta vitu kama wa miaka miwili, mahusiano yake yako sawa na ukuaji wake. Usonji huonekana pale mahusiano yanapobaki nyuma hata ya huo umri wa ukuaji.

Aliyelelewa bila mlezi wa kudumu ni suala jingine tena. Watoto waliotolewa vituo vya yatima vya Romania baada ya 1989 na kulelewa na familia za Uingereza walifuatiliwa na timu ya Michael Rutter. Baadhi yao walikuwa na tabia zinazofanana sana na usonji walipokuwa na miaka minne, na kufikia sita dalili za wengi wa hao zilikuwa zimepungua na walikuwa wakiwatafuta watu. Kama mtoto wako alipitia mikono mingi au njaa kali, hilo liandikwe ukurasa wa kwanza wa historia yake.

Anayepiga soga nyumbani na kuwa bubu shuleni kwa zaidi ya mwezi mmoja ana shida ya hofu hadi ithibitike vinginevyo.

Kuhusu simu: "usonji wa simu" ni msemo wa mitaani, haumo DSM-5 wala ICD-11. Mwondolee simu kwa wiki kadhaa, na mahali pa simu akae mtu, si televisheni. Andika kinachobadilika. Mabadiliko hayo ni habari njema kwa mtoto yeyote, ila hayathibitishi kwamba jina lilikosewa.

Na udata, ule ulimi ulioshikwa chini, hauelezi mtoto asiyeelewa maneno wala asiyeonyesha kwa kidole. Usikubali mtoto akatwe ulimi kwa sababu hiyo.

Hoja zisizotosha

"Ananikumbatia." Wenye usonji wengi wanakumbatia. "Ana akili, anajua magari yote." Hilo halipingani na usonji. "Ameanza kuongea." Mazoezi yanafanya kazi. "Baba yake naye alichelewa kuongea." Usonji hurithiwa kwa kiasi kikubwa, na baba huyo anaweza kuwa sehemu ya jibu.

Jina linaweza kuondoka bila mtu kukosea. Utafiti wa Boston uliochapishwa 2023 ulifuatilia watoto 213 walioandikiwa usonji kati ya miezi 12 na 36. Walipofika miaka 5 hadi 7, asilimia 37 hawakufikia tena vigezo. Kwa upande mwingine, uchunguzi wa wazazi wa Marekani uliochapishwa 2016 ulikuta takriban asilimia 13 ya watoto waliowahi kuandikiwa hawana tena jina hilo, na wazazi wengi wao walisema sababu ni taarifa mpya zilizopatikana baadaye. Makosa na ukuaji, vyote vimo humo.

Watu wazima wanaojipima kwa AQ, dodoso la kujijazia lenye maswali 50 na mstari wake wa 32, wajue kwamba hofu kali ya watu pia hupandisha alama. Bila ndugu anayeukumbuka utoto wako, mtaalamu atapata ugumu zaidi kukupa jibu la kutegemewa.

Kwenda kwa mtaalamu wa pili

Omba nakala ya faili, si barua ya nusu ukurasa. Andaa video sita za dakika mbili tatu: akila, akicheza peke yake, akicheza na wenzake, akiitwa jina la nyumbani na mtu aliye nyuma yake, akitaka kitu asichokifikia, na akikasirika, ikionekana kilichotangulia hasira. Shika simu usawa wa uso wake. Usimwelekeze cha kufanya.

Andika historia kwa kuegemea matukio, kwa kuwa miezi husahaulika: alitembea kabla ya Idi ipi, alisema "mama" kabla au baada ya mdogo wake kuzaliwa, maneno yalipotea msimu gani wa mvua. Beba kadi ya kliniki, majibu ya masikio, orodha ya dawa na barua ya mwalimu. Kwa Kenya, ripoti ya EARC, kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu ya elimu, ni ya kumpangia mtoto elimu. Ibebe, ila usidhani inachukua nafasi ya ripoti ya hospitali.

Usimfiche mtaalamu wa pili kwamba kuna wa kwanza, na usianze kwa kusema "sisi tunaona hana". Mwache aone mtoto kwanza. Mkimaliza muulize maswali matatu: ni tabia zipi hasa umeziona zinazotimiza kila kigezo? Ni nini kingine ulichofikiria, na kwa nini umekiondoa? Tumrudishe lini apimwe tena? Kwa mtoto aliyeandikiwa kabla ya miaka mitatu, la tatu lisikose jibu. Kabla ya darasa la kwanza ni wakati mzuri.

Wakati unasubiri, mazoezi ya kuongea yaendelee. Kumfundisha mtoto kuomba, kuonyesha na kupokezana hakumdhuru hata kama jina likibadilika. Vya kusimamisha ni vile vinavyouzwa kama "tiba ya kufuta usonji": dawa za kutoa madini mwilini, maji ya kung'arishia nguo yanayonyweshwa au kupigwa enema, na milo ya kukata vyakula hadi mtoto anakonda. Hivyo vinadhuru mtoto mwenye usonji na asiye nao vilevile.